Barua kwa mwanangu: lile teke la maksai

Mwanangu,

Huku Mvumi hatujambo, mtama tumeshaingiza ndani. Juzi kwenye simu ulisema daktari amekuta mbegu zako za kiume zimeshikana mafungumafungu, na kwamba kinga ya mwili wako ndiyo inayozishambulia. Ukaniuliza, "Baba, mwili unawezaje kupigana na mbegu zake wenyewe?" Sebuleni palikuwa na wageni, ndiyo maana nilikaa kimya.

Nilifundisha baiolojia miaka 26, acha nikujibu. Kinga ya mwili hujifunza kuwatambua wenyeji wake mapema sana, tangu mtoto yumo tumboni. Mbegu za kiume huja baadaye, wakati wa balehe, kwa hiyo kinga huziona wageni. Ndiyo maana ndani ya korodani kuna ukuta wa seli zilizobanana, unaotenga mbegu na damu. Ukuta huo ukivunjika, kwa upasuaji, kwa maambukizi, kwa korodani kujisokota, au kwa kuumia, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kuzishambulia mbegu hizo. Zikinata mkiani, mbegu haiogelei vizuri. Zikinata kichwani, inashindwa kuingia kwenye yai.

Nilipoandika "kuumia" niliweka kalamu chini. Ulikuwa kidato cha pili, tunalima shamba la karanga, yule maksai mwekundu akakupiga teke. Ulivimba kama embe. Nikakukanda kwa maji ya moto, nikakwambia mwanaume huvumilia, siku 3 zikapita bila kwenda zahanati. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndiko kulikoanzia, maana wapo wengi wenye kingamwili hizi ambao chanzo chake hakijulikani. Lakini nilipaswa kukupeleka siku ileile. Nisamehe, mwanangu.

Sasa sikiliza: hujaambiwa kwamba huzai. Muulize daktari ni asilimia ngapi ya mbegu zinazotembea zilizokutwa na kingamwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliweka mstari kwenye asilimia 50: kuanzia hapo ndipo ilipohesabiwa tatizo. Kipimo kirudiwe, ukae siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, na sampuli ifike maabara ndani ya saa 1 ikiwa na joto la mwili. Dawa za steroidi, zile za kutuliza kinga ya mwili, usijinunulie dukani hata kidogo. Zina madhara makubwa, hata mfupa wa nyonga unaweza kuoza. Zipo njia za kuchagua mbegu nzuri na kuziweka moja kwa moja kwenye mji wa mimba, na ile ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, iliyoanza kuleta watoto tangu 1992. Hiyo ya sindano ni ghali. Nina ng'ombe 6, wanatosha kuanzia.

Linaloniuma zaidi ni mkeo. Miaka 4 anakunywa mizizi ya shangazi yako, anakaa kimya kila akiulizwa "vipi, bado?" Asinywe tena hata kikombe kimoja. Ukiniruhusu, Jumapili baada ya ibada nitawakalisha mama yako na shangazi zako, niwaambie mwenyewe, nianzie kwenye teke la yule maksai. Siri ni yako, sitatamka neno bila ridhaa yako. Nipigie kabla ya Jumamosi.

Baba yako