Mbwa akikuganda miguuni usiwahi kumfukuza, kuna kitu anakwambia

Kama unafuga mbwa huku kwetu hii hali unaijua vizuri tu. Umekaa zako nje kwenye kigoda unamenya viazi, uwanja mzima uko wazi, nafasi kibao, lakini yeye anatoka huko alikokuwa amelala anakuja kukaa juu ya miguu yako. Au umesimama getini unapiga stori na jirani, mara anakuja pembeni anakuegemea pajani na uzito wake wote mpaka unayumba, ukisogea na yeye anasogea. Wengi tumezoea kusema "toka huko!" na maisha yanaendelea.

Mimi nakaa Uyole hapa Mbeya na mbwa nimekua nao toka nikiwa kwa wazazi Tukuyu, kwa sasa ninao wawili, Simba ambaye ni dume bado kijana na Popi ambaye ni jike, bibi kabisa. Kitu nilichokuja kukiamini ni kwamba mbwa anayetafuta mwili wa mtu hafanyi utundu wala hajaribu kukutawala kama baadhi ya watu wanavyosema. Anahitaji ukaribu kama anavyohitaji chakula na maji, na ukizoea kumsoma anavyojisogeza utajua mapema akiwa na baridi, akiwa na hofu, au akiwa anaumwa hata kabla hajaanza kukataa ugali.

Tuanze na baridi maana Mbeya hii hatuwezi kuiruka. Mjini kwenyewe tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba sote tunajua asubuhi zinavyokuwa, na wenzetu wa Njombe na Makete ndo usiseme. Joto la mwili wa mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na kulilinda hilo joto usiku kucha kwenye banda la mabati lenye sakafu ya saruji sio kazi ndogo, hasa hawa mbwa wetu wenye manyoya mafupi. Kwa hiyo ukiona kila jioni anajibanza jikoni karibu na mafiga na ukikaa tu anakuja kukulalia, angalia kwanza anapolala. Mwekee viroba vyenye majani makavu au maranda, vinyanyue kidogo kutoka chini kwa mbao, mlango wa banda usielekee upepo unakotoka. Hivyo tu. Simba alipotengenezewa banda la namna hiyo habari ya kung'ang'ania mlango wa jiko usiku iliisha.

Lakini mchana wa jua kali bado anakuja kuniegemea, kwa hiyo baridi sio maelezo yote.

Mtoto wa mbwa anazaliwa haoni, hasikii, na wiki za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto wenyewe, anaishi kwa kubanana na mama yake na wenzake. Macho yanafunguka kwenye wiki ya pili hivi. Yaani kabla hajaijua sura ya kitu chochote duniani ameshajua kwamba kugusana na mwili mwingine ndo usalama, na akija kwako wewe ndo unashika hiyo nafasi. Ndo maana mimi huwa naumia nikiona watu wanagawa watoto wa mbwa wakiwa na mwezi mmoja eti wameshaanza kula. Subirini wafikishe angalau wiki nane jamani, akae na mama na ndugu zake ajifunze, halafu akija kwako mshikeshike kila siku kwa upole, masikio, miguu, mdomo, azoee mikono ya watu akiwa bado mdogo.

Wataalamu nao wamelifuatilia hili. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu huko Japani, akina Miho Nagasawa na Takefumi Kikusui, walipima homoni inaitwa oksitosini, ileile inayopanda kwa mama anaponyonyesha, wakaona mbwa na mwenye mbwa wakikaa pamoja wakitazamana kwa muda mrefu inapanda kwa wote wawili. Walijaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu, kwao hilo halikutokea. Na huko Marekani Erica Feuerbacher na Clive Wynne waliwapa mbwa uchaguzi, mtu mmoja anawapapasa na mwingine anawasifia kwa maneno tu, mbwa wakabaki kwa anayepapasa. Hii ya pili hata hapa nyumbani naiona, naweza nikamsifia Simba "safi sana, safi sana" akanitazama tu, ila nikimkuna kifuani pale katikati ya miguu ya mbele, anafumba macho nusu, mdomo unalegea, na nikiacha ananisukuma mkono kwa pua niendelee.

Sasa najua kuna mtu hapo anasema, "mbwa ni wa ulinzi, ukimdekeza hatabweka tena". Nimeyasikia haya kwa wazee wangu na kwa majirani, na nawaheshimu, ila kwa hili sikubaliani nao kabisa. Mbwa analinda nini? Analinda watu wake na mahali pake. Yule anayefungwa mnyororo toka asubuhi mpaka usiku, anayemwona binadamu wakati wa kutupiwa ugali tu, huyo anabweka kwa sababu amechanganyikiwa, anabwekea mjomba aliyekuja kusalimia na anabwekea kuku wa jirani, usiku ukifika hata wewe hujui anabwekea nini. Simba nampapasa kila siku na hakuna mgeni anayevuka geti letu usiku kimyakimya. Akibweka natoka, maana najua pana kitu.

Kuna na faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Mbwa aliyezoea kuguswa anakaguliwa kirahisi. Ukimpapasa kila jioni, vidole vinakutana na kupe kabla hajashiba damu, ndani ya sikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni, na huku kwetu kupe wanaleta magonjwa yanayoua. Unagundua kidonda, unagundua uvimbe, unajua mbavu zimeanza kuhesabika. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa pale kwenye kata ndo utaona tofauti, kuna mbwa analetwa anaburutwa na kamba ya katani, watu watatu wamemkandamiza chini, anajikojolea kwa woga, mchanjaji mwenyewe anaogopa, na pembeni kuna katoto kamekuja na mbwa wake, mbwa kasimama amemwegemea mguu, sindano inaingia shingoni hata hageuki. Yule mbwa wa katoto hajafundishwa chochote cha ajabu, amezoea mikono tu.

Chanjo yenyewe usiiache, mara ya kwanza akifikisha miezi mitatu halafu kila mwaka, na dawa ya minyoo kila miezi mitatu hivi, hasa kama mbwa analala karibu na watoto. Watoto wanawe mikono wakishacheza naye. Na kama una majirani au wageni Waislamu, mate ya mbwa kwa wengi wao ni najisi, yakimgusa mwenzio inabidi aoshe kabla ya kuswali, kwa hiyo wakija mfunge au mwite pembeni yako mapema, sio mgeni ameshasimama mlangoni ndo unaanza kuhangaika na mbwa.

Kuhusu kumgusa kwenyewe, sio kila mbwa anayekuja karibu anataka kukumbatiwa. Kuja mwenyewe kukuegemea ni kitu kimoja, wewe kumzungushia mikono shingoni ni kitu kingine, wengi hawapendi, wanavumilia tu. Mimi huwa nampapasa kidogo, kama sekunde tatu, halafu naondoa mkono nione. Akisogea, akinisukuma, naendelea. Akigeuza uso pembeni, akilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, weupe wa jicho ukaonekana pembeni, anasema basi. Wafundisheni watoto hizi dalili kabla hamjawaacha wacheze naye, maana mbwa anayeng'ata mtoto mara nyingi alishasema basi mara nyingi kwa njia hizi na hakuna aliyemsikia. Na waanzie kifuani au begani, sio kumpiga-piga utosini kwa juu. Akianza kunguruma mtu mwingine anapokukaribia huku yeye amekulalia miguuni, hapo inuka taratibu uondoke, usimchape wala usiendelee kumpapasa, na likijirudia tafuta daktari wa mifugo umweleze.

Anayekurukia na matope ya masika mpaka nguo imeharibika, huyo anautafuta mwili huohuo, ila amekosa namna. Usimpige goti. Geuka pembeni, nyamaza, usimpe mikono, miguu yote minne ikigusa chini chuchumaa wewe umfuate huko chini. Atajifunza kwamba mapapaso yako yanapatikana chini. Ila nyumba nzima mkubaliane, mmoja akiwa anacheka na kumshika mikono anaporuka hapo hamtafika.

Halafu radi. Mwezi wa kumi na moja mvua zikishaanza huku kwetu, hii milima inaunguruma mpaka vyombo vinatikisika kabatini, na kuna mbwa ambao wakisikia ngurumo ya kwanza kule mbali wanakuja wanajikunja miguuni kwako wanatetemeka. Watu wanashauri usimbembeleze eti unamzidishia woga. Mimi nasema mwache akae. Woga sio tabia ambayo unaizawadia ikaongezeka, ni hali imemkuta, na kukaa karibu na mtu wake kunampunguzia. Mfungulie aingie barazani au jikoni, ongea kwa sauti yako ya kila siku, mkono mmoja ukae tu mgongoni bila kumkandamiza. Usimburute kumrudisha bandani mvua ikiwa inaendelea, hapo ndo mbwa anapovunja mlango na kukimbilia barabarani.

Kote huko nimeongelea mbwa ambaye ndo tabia yake siku zote. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko. Mbwa aliyekuwa anajitenga ghafla anakuganda, au aliyekuwa mtu wa kukuganda ghafla anajificha nyuma ya banda. Na mbwa wa mtaani usiyemjua akija kwako kwa upole wa ajabu usimshike hata kama anakutia huruma, maana kichaa cha mbwa kinaweza kumfanya mbwa mkali awe mpole na mpole awe mkali. Aking'ata, akikukwaruza au akilamba kidonda, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze, usisubiri uone kama mbwa atakufa.

Kwa Popi mabadiliko yalianza polepole. Siku zote alikuwa mbwa wa kuja, anakusalimia kwa pua, anaondoka zake. Kikafika kipindi akawa anatembea bega lake limegusa mguu wangu, nikienda bombani tuko naye, nikienda bandani kwa kuku tuko naye, sio nyuma yangu kama mbwa anayefuata, ni ubavuni kabisa, manyoya yake yanasugua suruali. Nyumbani wakawa wanasema uzee umemfanya adeke. Mimi nilichoona ni kwamba anafanya hivyo zaidi jua likishazama, na mahali penye ngazi anasimama, anapapasa kwa mguu mmoja wa mbele hewani, ndo anashuka. Nikampakia kwenye bajaji tukaenda kwa daktari wa mifugo.

Yule daktari alifanya kitu kidogo sana ambacho hata wewe unaweza kukifanya nyumbani. Alichukua kipande cha pamba akakidondosha mbele ya uso wa Popi. Pamba haina sauti ikidondoka, haina harufu kali ya kumvutia, kwa hiyo mbwa anayeona ataifuata kwa macho. Popi hakutikisa hata sikio. Akarudia upande wa kulia, Popi akageuza kichwa kidogo. Akatuonyesha kwa tochi ule ukungu ulioziba kwenye mboni, jicho la kushoto lilikuwa halioni tena kabisa na la kulia linaona kwa shida. Kumbe mguu wangu ndo ulikuwa njia yake.

Toka hapo hatuhamishihamishi vitu uwanjani, ndoo zinakaa ukutani, bakuli la maji liko palepale, kwenye kingo za ngazi tumeweka gunia ili mguu uhisi kabla hajashuka. Watoto wanamwita jina kwanza kabla ya kumgusa ili asishtuke. Na akiniegemea natembea polepole.

Kwa hiyo kama wako amebadilika, usiende kwa daktari na maneno ya "siku hizi ananiganda tu". Angalia siku mbili tatu uandike hata kwenye simu, anakuganda saa ngapi zaidi, mchana au giza likiingia, anakula kama kawaida, maji anakunywa mengi kuliko zamani, akiinuka anachechemea, ukimgusa kiunoni au sikioni anageuka, amechanjwa lini mara ya mwisho. Mrekodi na kavideo kafupi akiwa nyumbani, maana akifika pale kwa daktari kwa woga anaweza kusimama wima kama hana shida yoyote. Ila kama hali chakula kabisa, anatapika, anahema kwa shida au ufizi umekuwa mweupe, acha kuandika, mpeleke leo.