EDE-Q kwa wagonjwa waliolazwa

Dada, umeuliza kama EDE-Q, dodoso la dalili za matatizo ya kula, inafaa kwa wagonjwa waliolazwa wodini hapa Dar. Inafaa, ila angalia tarehe. Dodoso lina maswali 28, na linauliza kuhusu siku 28 zilizopita. Aliyelazwa wiki 3 anajibu kuhusu siku ambazo nesi alikuwa anamwangalia akila. Kutapika na kujinyima vitaonekana vimepungua, hata kama mawazo ni yaleyale. Mpe dodoso siku ya kwanza au ya pili wodini, kisha rudia akishakaa nyumbani siku 28.

Swali linaloharibu alama kwetu ni la 2: kukaa saa 8 au zaidi bila kula, ukiwa macho. Aliyefunga Ramadhani atajaza 6, yaani kila siku. Swali linahusu kujinyima kwa ajili ya umbo au uzito, na maneno hayo yako mwishoni, watu wanayaruka. Msomee polepole, faragha, ndugu wa pembeni ya kitanda wapishe kwanza. Mbele ya mama mzazi hakuna binti atakayekubali kwamba anajitapisha.

Maswali ya 13 hadi 18 yanahesabu matukio. Usiyatie kwenye wastani wa alama.

Na tafadhali, alama ndogo isikutulize. Mwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, mara nyingi hukana dalili zake. Uzito ukiwa chini na potasiamu ya damu imeshuka, amini mizani na maabara, umwite daktari wa akili hata kama karatasi inasema yuko salama.