Muulize Dereva: Mavyaa, Watoto na Karatasi ya Bwana

*Shikamoo Mzee. Mimi ni msomaji wako wa Kisauni, Mombasa. Mwaka huu twataka kuiona bara, mwanzoni mwa Desemba. Tutapanda treni hadi Nairobi, tulale Nakuru Jumamosi, na shemeji yangu wa huko atuazime gari. Tuko watano: mimi, bwana, watoto wa miaka 11 na 7, na mavyaa ambaye magoti yamsumbua. Bwana ameandika ratiba kwenye karatasi: Jumapili Ziwa Nakuru, Jumatatu Bogoria, Jumanne Kericho, Jumatano Kisumu, Alhamisi Rusinga, Ijumaa Kakamega, Jumamosi Mlima Elgon, Jumapili turudi. Kila usiku hoteli mpya. Yeye asema simu yaonyesha ni saa mbili tatu tu kutoka mahali hadi mahali. Mimi naona tutafia njiani. Tuamue.*
*Mama Watoto, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Nimeendesha matatu na magari ya watalii kutoka Nakuru kwenda magharibi miaka 22, na karatasi kama hiyo ya bwana nimekabidhiwa na wateja mara nyingi. Siku ya nne hakuna anayeiulizia tena. Watoto wamelala midomo wazi, mama ametafuta soksi kwenye mifuko mitano, na baba peke yake ndiye bado anasema "tumebakisha kidogo".

Simu haiijui barabara ya Salgaa. Haijui malori yanavyopanda Mau Summit yakifuatana kama ng'ombe wa kwenda mtoni, wala mvua ya mawe ya Kericho inayoanguka alasiri mpaka unaegesha gari pembeni na kusubiri. Nakuru hadi Kisumu si mbali, haifiki kilomita 200. Mimi huwaambia watu watenge asubuhi nzima, nao hunishukuru.

Kwa hiyo nakata. Elgon itoke kabisa. Ni mlima wa kuendea wenyewe, na mapango yake ambamo tembo huingia kulamba chumvi hayataki mtu aliyechoka wala mwenye magoti ya mavyaa (sisi huku tunasema mama mkwe, lakini neno lenu nalipenda zaidi). Kericho nayo isiwe ya kulala. Mtaipita Jumatatu, msimame mnywe chai mkitazama mashamba ya majani chai, watoto wapigwe picha, twende.

Ziwa Nakuru na Bogoria, chagueni moja, Jumapili hiyohiyo. Kama mavyaa anakuja kwa ajili ya heroe, wale ndege waridi ambao kila mtu anawaita flamingo, mwambieni ukweli mapema. Maji ya Ziwa Nakuru yalipanda hadi yakameza lango kuu la zamani la mbuga, na kadiri maji yalivyoongezeka ndivyo magadi yalivyopungua nguvu, na kile chakula cha kijani ambacho heroe hula kikapungua pia. Wengi wakahamia Bogoria. Huko Bogoria kuna pia chemchemi zinazotokota ukingoni mwa ziwa, na njiani, Mogotio, mtavuka Ikweta. Lakini watoto wenu wakitaka vifaru, weusi na weupe, na twiga, basi ni mbuga ya Nakuru, mwingie lango likifunguliwa tu. Mimi ningefuata watoto. Malipo ya mbuga hufanywa kwa simu, yakamilisheni usiku wa kuamkia. Na jamani, watu wa Mombasa, bebeni sweta! Nakuru iko juu zaidi ya mita 1,800. Kila Desemba nawaona wapwani wakitetemeka steji na leso mabegani.

Jumatatu ondokeni saa moja asubuhi. Baada ya Kericho barabara inateremka, joto linarudi polepole, na mkifika uwanda wa Kano mavyaa atavua sweta mwenyewe bila kuambiwa. Ahero kuna mashamba ya mpunga pande zote mbili. Adhuhuri mko Kisumu, na hapo mlale mara mbili bila kufungasha kitu.

Jumanne alfajiri shukeni ufuo wa Dunga, saa kumi na mbili, kabla jua halijakaza. Wavuvi wanarudi, wachuuzi wa kike wanabishana bei kwa Kijaluo, na kwenye mafunjo kuna ndege ambao watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuwatazama. Mkitaka mashua, ulizeni kwanza upepo ulivyo. Gugu maji husukumwa na upepo, na siku nyingine linafunga ufuo wote kama zulia, mashua isitoke wala kuingia.

Mchana ni samaki. Mchague mkiwa mnamwona mbichi: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu. Siku hizi mjini kuna samaki wengi wa barafu kutoka China, nao wakishakaangwa huwezi kuwajua. Ngege (tilapia) wa kukaanga mkavu, kisha atiwe mchuzi wa nyanya, na ugali. Mavyaa, najua, atauliza nazi iko wapi. Nazi hakuna.

Sasa nikuonye juu ya jambo ambalo wapwani hawalifikirii. Wanao wamezaliwa baharini, wakiona maji wanaruka. Ziwa si bahari. Penye maji ya kina kifupi na majani kuna konokono, na konokono hao ndio wanaosambaza kichocho. Viboko pia wapo. Watoto waogelee kwenye bwawa la hoteli, basi. Chandarua mnakijua, sina haja ya kuwafundisha.

Jumatano nendeni Rusinga, lakini msirudi siku hiyo. Hapa nasema kwa machungu. Mwaka mmoja nilibeba watu wa arusi kutoka Nakuru, tukachelewa kwa sababu ya bwana mmoja aliyesahau suti akaturudisha nyuma. Tulipofika Luanda K'Otieno, gati ya kuvukia kwenda Mbita, feri ya mwisho ilikuwa imeshatupa mgongo, taa zake tunaziona. Watu kumi na wanne tulilala ndani ya matatu, na suti ikining'inia dirishani. Kwa hiyo piteni barabara ya Bondo, msimame Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa ambalo jina lake ni jiwe la mke wa kwanza (mavyaa atataka kisa chake, mwenyeji atamsimulia), mvuke mchana, mlale Mbita. Kisiwani Rusinga, mkishavuka daraja, kuna kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi Julai 1969. Jengo lake limeumbwa kwa mfano wa risasi. Mtoto wa miaka 11 ataelewa.

Usiku, kama hakuna mwezi, toeni viti nje. Wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji kuwaita samaki, na ziwa zima linageuka mji. Nimeona mji huo mara nyingi na bado huzima redio niutazame. Hilo halihitaji magoti.

Alhamisi vukeni mapema, mpite Kisumu hadi Kakamega. Pale Ilesi, kando ya barabara, mtaliona jiwe linalolia, nguzo ndefu ya mwamba yenye jabali kichwani na maji yakitiririka shingoni. Dakika kumi zinatosha. Mlale Kakamega mara mbili. Ijumaa alfajiri ingieni msituni na mwongozaji, muone mbega. Mvua huko hupenda alasiri.

Baada ya msitu, badala ya Elgon, nendeni Mumias kwa sala ya Ijumaa. Hii ndiyo sehemu ambayo bwana hakuiandika, na nadhani mavyaa ndiyo atakayoikumbuka. Karne ya 19 misafara ya biashara kutoka kwenu pwani ilipumzika pale kwa Nabongo, yaani mfalme wa Wawanga. Wengine walioa wakabaki, dini ikabaki nao. Mavyaa aulize wazee. Huenda akasikia majina ya nyumbani.

Jumamosi rudini Nakuru kupitia Kapsabet. Msiingoje wiki ya Krismasi: nauli hupanda bila aibu na barabara yote inaelekea huku.

*Mzee, niko chuo Kisumu. Nitakuwa Nakuru siku moja tu, peke yangu, sina hela nyingi. Menengai au wapi?*
*Kijana wa Kondele*

Menengai ni nzuri, shimo lake la volkano utalitazama mpaka ushibe, lakini kule juu usiende peke yako. Ukipata wenzako watatu, panda asubuhi. Ukibaki mmoja, nenda Hyrax Hill, karibu na barabara ya Nairobi, matatu ya mjini itakushusha jirani. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mabaki ya kale hapo mwaka 1937. Tafuta mwamba wenye vishimo vya bao vilivyochongwa na watu wa kale. Beba kete zako.