Hiki kishona nguo mbona hakishoni?

Kwa nyie mnaoanza kazi za bustani hapa Dar, hasa mliokabidhiwa kapeti la ukoka mkaambiwa tu "toa magugu", kuna gugu moja litakutia aibu mapema kama lilivyonitia mimi. Ua lake dogo, katikati njano, pembeni lina rangi ya maziwa, na ukiuliza watu kumi tisa watakwambia kishona nguo hicho, lile gugu ambalo mbegu zake zinanasa kwenye nguo. Sio, hiyo ni traidaksi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nashika bustani moja Mikocheni, mama mwenye nyumba akaniuliza yale maua ni nini, nikajibu kwa kujiamini kabisa kishona nguo hicho mama, nakipitishia mashine kinaisha. Nikapitisha, masika ndo imeshika, baada ya wiki kama tatu hivi yaani ni kama nilipanda. Mama wala hakugomba, aliniita tu akasema "baba, hiki kishona nguo chako mbona hakishoni?" Nikaangalia suruali, kweli, hata mbegu moja hakuna, na nimezunguka humo asubuhi nzima.

Jina lake la kitaalamu ni Tridax procumbens, kazini tunaita traidaksi basi. Lenyewe na kishona nguo (Bidens pilosa) wote wageni, asili yao Amerika, ila tabia mbalimbali. Achana na ua kwanza. Shika shina ulizungushe kwenye vidole: la kishona nguo lina pembe nne, limesimama, na jani lake mara nyingi limegawanyika vijani vitatu hadi vitano. Traidaksi shina ni mviringo lina manyoya, linatambaa chini, jani ni moja tu halijagawanyika, pembeni meno meno na ukiligusa linakwaruza. Halafu ua linakaa peke yake juu ya kikonyo kirefu kilicho uchi, sentimita 10 mpaka 30, ndo maana unaliona kabla hujaona mmea wenyewe.

Kama bado una wasiwasi chuma ua lililokauka ulipasue. Kishona nguo unakuta visindano vyeusi vyenye miiba miwili mitatu kichwani, ndo hiyo inayonasa. Traidaksi kila mbegu ina manyoya kama pamba, puliza uone zinavyopaa kwa jirani.

Sasa mashine inashindwaje? Inakata kikonyo na ua, shina limelala chini ya kisu, na kila kifundo kikigusa mchanga kinatoa mizizi. Subiri mvua inyeshe udongo ulainike, chukua kisu kizee, fuata shina kifundo kwa kifundo mpaka kwenye mzizi mkuu, vyote tia kwenye kiroba, usitupe kwenye uzio. Dawa ya glaifoseti msiguse humo, inaua na ukoka, halafu utaulizwa wewe.

Na lingine haraka haraka, ukikuta jani limechanika chanika kama la karoti na vijiua vyeupe vidogo sana, hilo ni gugu karoti, usiling'oe mikono mitupu, linawasha na kuna watu linawaletea mpaka mafua. Vaa glavu, na ling'oe kabla halijachanua.