Thumuni, hela na dala: maswali yenu kuhusu majina ya fedha

Mimi wa Tanga, mume wangu wa Mombasa. Nikisema "hela" anacheka, yeye ni "pesa" tu. Si kitu kimoja?

Leo ni kitu kimoja, ila asili ni mbili. Pesa ni ya Wahindi, sarafu ndogo ya shaba. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Hata Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza nayo: mwaka 1890 ilitoa pesa zenye maandishi ya Kiarabu. Mwaka 1904 serikali yao ikaifuta hesabu hiyo na kuigawa rupia kwa heller 100, ndiyo hela yako, jina lililotoka mji wa Hall, Ujerumani. Utawala huo haukufika Mombasa. Mwache acheke.

Thumuni kwa Kiarabu ni sehemu ya nane. Mbona shilingi ina thumuni mbili tu?

Swali tamu hili. Usiitafute kwenye shilingi, itafute kwenye reale, ile fedha nene yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyoendelea kugongwa ikiandikwa mwaka uleule wa 1780 muda mrefu baada ya mwenyewe kufa. Pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar za mwaka 1299 Hijria (1882), zile zenye picha ya mizani, zilihesabiwa 136 kwa reale moja. Gawa kwa nane: pesa 17. Robo ya rupia ni pesa 16, basi kwa hesabu ya sokoni thumuni ni robo rupia. Mwaka 1920 Waingereza wakaigeuza rupia kuwa florini, na mwaka uliofuata florini ikawa shilingi mbili. Robo ya shilingi mbili ni ngapi? Senti 50. Serikali zilibadili sarafu, muuza duka akabaki na hesabu ya babu yake.

Daladala ina uhusiano na dola ya Marekani?

Upo, kwa kuzunguka. Sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, na nauli ya Dar ilipokuwa shilingi 5 wapiga debe wakawa wanaita "dala, dala!" Dola nayo imetokana na thaler, fedha ya Joachimsthal huko Bohemia. Ile reale ya Maria Theresa ni thaler vilevile, kwa hiyo konda na Sultani walitaja ukoo mmoja.

Nimerithi sarafu ya njano: ina taji, D.O.A., 1916 na herufi T. Ni dhahabu?

Pole, ni shaba ya manjano. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Wajerumani, na T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, ndipo heller zikagongwa kwenye karakana ya reli ya Tabora, hata kwa maganda ya mizinga. Ya dhahabu ipo, ni ya rupia 15 na ina tembo. Yako usiisugue kwa ndimu wala majivu. Wakusanyaji wanaitaka na uchakavu wake.