Shangazi, naipinga vita. Kwa nini nimpikie pilau aliyetoka vitani?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wawili. Mume wangu ni mwanajeshi wa JWTZ, tulifunga ndoa 2018. Mwanzoni mwa 2024 alipelekwa Kongo na kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, akarudi Mei 2025. Mimi ni mtu wa amani na tangu mwanzo nilimwambia vita ile siiungi mkono. Aliporudi, mama yake alikuja kutoka Mvumi, wakachinja mbuzi, majirani wakajaa. Nilikataa kupika pilau. Nilisema mbele ya wageni kwamba siwezi kuishangilia mikono yenye damu. Huo ni msimamo, sioni kosa. Tangu siku hiyo mume wangu hazungumzi. Analala sebuleni na taa inawaka, bodaboda ikipiga mlio anaruka. Sasa amehamia kwa mama yake, na huyo mama anawaambia watu sina utu. Yeye ndiye chanzo. Hata Goma ilipoanguka, siku nane hatujui kama yu hai, simu ya kwanza alimpigia mama yake, si mimi niliyekuwa nakesha na mtoto mchanga. Tunajenga Nala, bati tayari, bado madirisha, na fedha sasa hatumi. Nafikiria kumwandikia mkuu wake wa kikosi. Je, nikiomba radhi si nitakuwa nimeiunga mkono vita? – Mwalimu, Nkuhungu.*

Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi wewe na wanao.

Pole kwa kukesha na kichanga huku hujui kama baba yake anapumua. Hilo ni zito na sitalichezea. Pole zangu zimeishia hapo.

Umeniuliza habari za vita, lakini barua uliyoandika ni ya simu. Kongo umeipa sentensi moja. Hujaniambia nani anapigana na nani, wala kwa nini siyo sawa. Ila simu aliyopigiwa mama mkwe, hiyo unaikumbuka mpaka idadi ya siku zake. Nimewasikiliza wanawake wengi mno nisijue kidonda kiko wapi mtu anaponionyesha kovu la mguu mwingine.

Basi tuanze na hiyo simu. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Wanajeshi wa SADC, yaani Waafrika Kusini, Wamalawi na wa kwetu, walijikuta wamezingirwa kwenye kambi zao pale Goma na Sake, mji umeshikwa na watu walewale ambao wao walitumwa kuwazuia. Jeshi letu lenyewe lilitangaza kwamba vijana wetu wawili wameuawa siku zile. Sasa niambie, mtu aliye mahali hapo, chaji imekwisha au mtandao umekatika, akiazimwa simu na mwenzake kwa dakika mbili, anabonyeza namba gani? Ile iliyo kichwani. Na namba iliyo kichwani mwa wanaume wengi ni ya mama, ambayo haijabadilika tangu amnunulie laini ya kwanza. Yako iko ndani ya simu iliyozimika. Sikuambii ndivyo ilivyokuwa, mimi sikuwepo. Nakuuliza tu kama uliwahi kumuuliza. Na wewe, ya kwake unaijua bila kufungua simu?

Mama mkwe alikupigia kukujulisha, au hakukupigia? Hapo umenyamaza. Ninahisi alikupigia usiku uleule. Angekuficha, ungeniandikia kurasa mbili.

Tuje kwenye msimamo. Mwaka 2017, tarehe 7 Desemba, kambi ya Umoja wa Mataifa kule Semuliki, upande wa Beni, ilivamiwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Nchi nzima ilizizima, majeneza yakaletwa Dar es Salaam tukiyaona kwenye televisheni. Wewe ulivaa shela mwaka uliofuata, kwa mwanaume wa kazi ileile, na jeshi lilelile likiwa Kongo ileile. Sikulaumu. Ila usiniambie uligundua 2024 kwamba mwanajeshi hutumwa vitani. Ulipokuwa bibi harusi wa mwenye gwanda, marafiki wakipiga picha pembeni yake, amani yako ilikuwa wapi?

Na hizo bati za Nala. Mshahara wa ualimu tunaujua sote. Kama mikono ile ina damu, bati nazo zina damu, mbona sijasikia umepandisha fundi aziezue? Unachonung'unikia ni madirisha. Mwanangu, mtu hawezi kula posho ya vita kisha akasusa kupika pilau ya aliyeileta. Chagua moja.

Nikuambie sasa jambo ambalo huenda hukulitarajia: safari ile ya 2024 na mimi sikuipenda. Mashariki ya Kongo kuna makundi yenye silaha zaidi ya 100, kuna madini, kuna mataifa yanavutana nyuma ya pazia, na sikuona jinsi vijana wetu wachache wangelimaliza hilo kwa bunduki. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC walikaa wakaamua kikosi kirudi. Mwishoni mwa Aprili wakaanza kutoka, kwa barabara, kupitia Rwanda, mpaka nyumbani. Mimi nilisema mbele ya wanangu kwamba tumerudi kama tulivyoonywa. Kuipinga vita kwa hiyo si dhambi, wala si ukosefu wa uzalendo. Na kwa watu wa huku Ugogo si jambo la kigeni.

Wewe ni mwalimu, unajua habari za Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, na kama huzijui kawaulize wazee wa Mvumi huko huko unakokwenda kwa mguu mzito. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku kwetu, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma 1916, nao wakachukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ikakataa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, wanahistoria wanaikadiria kuua watu kama 30,000 katika nchi ya Wagogo. Haikuwa vita ya Mgogo hata chembe. Kwa hiyo chuki yako juu ya vita ina mizizi, usimruhusu mtu akuite msaliti. Lakini jiulize waliobebeshwa zile risasi na magunia walikuwa akina nani. Walikuwa wana wa watu, walioambiwa "beba" wakabeba. Wale waliorudi hai, ungewafungia mlango?

Mumeo hakukaa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Hakuandika azimio namba 2098 la Umoja wa Mataifa la mwaka 2013 lililounda kikosi cha kwanza kilichopeleka Watanzania kupigana na M23. Katiba yetu, ibara ya 147, inamkataza hata kujiunga na chama cha siasa. Haki aliyoachiwa ni kupiga kura. Wewe unaweza kuandika, kubisha ofisi ya walimu, kuweka maneno kwenye simu yako asubuhi na jioni. Yeye akifungua mdomo kusema vita hii haifai, yuko matatani. Katika nyumba yenu mwenye uhuru wa kusema ni wewe, na uhuru huo ukautumia kumpiga asiyeweza kujibu, mbele ya wageni, siku ameingia. Wazee walisema mjumbe hauawi. Wewe ulimuua sebuleni kwake.

Halafu unakaa Dodoma! Bunge liko hapohapo mjini. Mtu wa Mtwara akisema hajui ampelekee nani uchungu wake nitamwelewa. Wewe umeruka Bunge zima, na Serikali yote iliyohamia Mtumba, ukamkuta mwanaume mmoja aliyechoka anavua viatu, ukasema hapa ndipo mahali pa kupinga vita.

Hapa niseme kidogo na wengine, maana Mwalimu si wa kwanza. Siku hizi kila mmoja ana msimamo. Mke ana msimamo, mume ana msimamo, na misimamo yote inawekwa status ili shoga zetu watie mioyo myekundu. Zamani watu waligombana chumbani, hata kwa ukali, lakini mlango ukifunguliwa mgeni anapewa maji. Leo mgeni ndiye anayeitwa ashuhudie. Msichana anaolewa na posho, anaolewa na gwanda kwa sababu linapendeza kwenye picha, anaolewa na "ajira ya serikali", kisha siku kazi inaporudi nyumbani na harufu yake anasema hakujua. Na vijana wa kiume nanyi msicheke. Mnaaga wake zenu kwa sentensi moja, mnakaa mwaka, mnarudi mmefunga midomo mkitegemea mke asome kwenye uso. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; basi aliyekilalia naye aseme, japo robo. Lakini nimetoka nje ya njia.

Hiyo taa inayowaka usiku na kuruka kwa mlio wa bodaboda ni jambo lililonitia hofu kuliko pilau. Umeliandika kama vile ni kununa. Mume wako hajanuna. Anaumwa. Watu waliotoka kwenye mabomu hupata hayo: usingizi unakimbia, mlio mdogo unawarudisha walikotoka, wanajitenga na hata wawapendao. Dawa yake ipo, watu hupona. Anahitaji hospitali ya jeshi au daktari yeyote wa afya ya akili, na sisi wa Dodoma tuna Mirembe mlangoni kwetu. Najua utasema watu watamwita kichaa. Waite. Tumelifanya jina la hospital­i hiyo kuwa tusi la mtaani, ndiyo maana wanaume wetu wanajitibu kwa pombe ya kienyeji mpaka wanazikwa. Mpeleke, au mwombe mama yake ampeleke, maana kwa sasa anayemsikiliza ni mama.

Na huyo mama, mimi niko upande wake, nakuambia wazi. Amechinja mbuzi kwa sababu mwanawe amerudi akiwa na miguu miwili. Hakuchinja kwa ajili ya M23, wala ya SADC, wala ya serikali. Huenda Kongo hata haijui iko upande gani. Wewe ndiwe uliyeona vita pale kwenye sufuria. Yeye aliona mtoto. Sasa amempokea, anampikia ugali wa uwele na mlenda, anamwachia alale mchana, hamuulizi ameua wangapi. Kama anawaambia watu huna utu, amekosea kukutangaza, na hilo ukipatana naye utamwambia. Lakini siku ile, mtu yeyote aliyekuwepo pale ndani angesema nini?

Swali lako la mwisho nalijibu: hapana. Kuomba radhi si kuunga mkono vita. Unaomba radhi kwa kumwita muuaji mbele ya watu bila kujua alifanya nini huko. Hujui, mwanangu. Hukumuuliza. Inawezekana hakufyatua hata risasi moja. Inawezekana alibeba maiti ya rafiki yake. Inawezekana alifanya jambo linalomla ndani, na hapo ndipo angemhitaji zaidi mtu anayechukia vita kwa dhati, amwambie "najua haikuwa kazi nzuri, kaa, kula." Mshangiliaji hawezi kumwambia hivyo. Wewe ungeweza.

Nenda Mvumi Jumamosi na watoto wote wawili. Usiende mikono mitupu: sukari, mchele, kitenge cha mama. Ukifika, anza na mama mkwe, umpigie magoti ukiwa peke yako naye, usilete hoja. Sema "mama, nilimwaibisha mwanao, nisamehe." Ukianza na "mimi msimamo wangu ni", rudi na daladala hiyohiyo. Pilau utaipika hukohuko, kwa kuni, na shombo ya mbuzi isikukerekete. Mume akikaa kimya, kaa naye kimya. Akitaka kulala na taa, taa iwake. Madirisha ya Nala usiyataje mpaka yeye ayataje. Kitu chochote ulichoandika kwenye simu chenye kumhusu yeye, futa leo kabla hujalala. Vile vya kuipinga vita viache, ni haki yako, na mbunge wako mwandikie, umuulize kwa jina lako kamili ni nani huamua wana wetu waende na ni nani huhesabu wanaporudi.

Barua ya mkuu wa kikosi ichane. Unaweza kumpotezea mtu kazi kwa hasira ya simu. Na ukitoka Mvumi niandikie tena, ila safari hiyo nataka kusikia na yeye anasemaje.