Swali la lugha: Ghala "linalojiendesha" ni ghala la namna gani?

Msomaji mmoja, afisa ugavi katika hospitali ya mkoa nchini Tanzania, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Tunaandaa andiko la kuboresha stoo yetu ya dawa. Mkuu wangu ameliita 'Matumizi ya Teknolojia ya Otomeshoni katika Usimamizi wa Mnyororo wa Ugavi.' Mwenzangu aliyesomea Nairobi anataka tuandike 'mnyororo wa usambazaji', na badala ya 'otomeshoni' tuseme 'ghala linalojiendesha'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na ugavi, maana jambo hilo ni jepesi. Neno hili linatokana na kitenzi "gawa", na sauti /w/ imegeuka kuwa /v/ mbele ya kiambishi "-i", kama ambavyo "lewa" imetupa "ulevi". Shina hilohilo limezaa pia "ugawaji", ambao ni kitendo chenyewe cha kugawa, na "mgawo", ambao masikioni mwa wengi wetu umekwisha kunuka uhaba kwa sababu ya mgawo wa umeme na mgawo wa maji. Ugavi umebaki kuwa jina la kazi nzima ya kuhakikisha kwamba kitu kinachohitajika kinapatikana, kinatunzwa na kinamfikia anayekihitaji. Ndiyo maana cheo chako ni afisa ugavi, wanauchumi husema "ugavi na mahitaji", na bodi inayosimamia taaluma yako, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, huitwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. (Ni ununuzi, tafadhali, kama ilivyo katika jina la Sheria ya Ununuzi wa Umma, manunuzi tuyaache kwa vitu vilivyonunuliwa.)

Usambazaji ni sehemu tu ya kazi hiyo. Anayesambaza anavyo vitu tayari, na kazi yake ni kuvitoa penye vingi na kuvipeleka kwa wengi. Dawa zinazotoka stoo kwenda wodini zinasambazwa, lakini makadirio ya mahitaji ya robo mwaka, zabuni, upokeaji wa shehena na uhesabuji wa mali iliyopo haviingii ndani ya neno hilo bila kulitanua mno. Mwenzako hajakosea Kiswahili, kwani "mnyororo wa usambazaji" ni usemi unaosomeka sana, hasa katika maandishi ya Kenya. Hata hivyo, kwa andiko linalogusa safari yote ya dawa, ugavi ndio unaoenea. Mnyororo nao wapo wanaoulalamikia kwamba ni tafsiri ya mkopo, yaani neno kwa neno kutoka "supply chain" ya Kiingereza, na kwamba unakumbusha pingu. Malalamiko hayo yamechelewa: wakulima wamekwisha kuzoea mnyororo wa thamani, na wahudumu wa chanjo wanauzungumzia mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye ubaridi safari nzima, kila siku.

Sasa tuje kwenye kazi ngumu. "Otomeshoni" (kwa Kiingereza "automation", yaani kuifanya mashine au mfumo utende kazi bila kungoja mkono wa mtu) ni matamshi ya Kiingereza yaliyovalishwa tahajia ya Kiswahili, na hatuna haja nayo, kwa kuwa "otomatiki" imekwisha kuingia, na fundi gereji anaielewa sawasawa na mhandisi. Uzuri wake ni kwamba inakubali viambishi vyetu bila ugomvi. Ikieleza namna ya kutenda hupokea "ki-", kama katika sentensi "mfumo hutoa taarifa kiotomatiki". Ikikaa baada ya nomino hukaa kama vivumishi vingine vya mkopo visivyobadilika, yaani mfumo otomatiki, mifumo otomatiki, mashine otomatiki. Tahadhari ni moja: "teknolojia otomatiki" ni teknolojia ambayo yenyewe hutenda bila kuendeshwa, ilhali "teknolojia ya otomatiki" ni elimu na zana za kuyafanya mambo mengine yatende hivyo. Mkuu wako anakusudia hiyo ya pili.

Mwenzako alitaka kuliepuka neno la kigeni, na nia hiyo naiheshimu, lakini "linalojiendesha" litamponza. Katika lugha ya ofisi zetu, shirika linalojiendesha ni lile linalojilipia gharama zake bila ruzuku, na mradi unaojiendesha ni ule ambao mfadhili anaweza kuuacha ukabaki umesimama. Mjumbe wa kamati ya fedha akisoma kwamba hospitali itakuwa na ghala linalojiendesha, ataelewa kwamba dawa zitauzwa na mapato yatalipa mishahara ya watunza stoo. Gari linalojiendesha halina utata kwa sababu kila mtu anajua kwamba gari huendeshwa kwa usukani, lakini ghala huendeshwa kwa fedha na watu, na kitenzi hufuata maana ya nomino kinayoandamana nayo.

Kiambishi "-ji-" kina mitego mingine pia. Chukua geti la bandari ambalo kamera yake husoma namba ya kontena. Namba hiyo ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, ili kompyuta igundue mara moja kwamba kilichosomwa kina kosa. Namba ikilingana na iliyomo kwenye kumbukumbu, geti hufanya nini? Niliwahi kusoma andiko lililosema kwamba "geti litajifungua", na nikabaki najiuliza litajifungua mtoto wa kike au wa kiume. Kiswahili kina kauli ya kutendeka kwa ajili hiyo: geti litafunguka, na ukitaka kusisitiza kwamba hakuna mlinzi aliyelivuta, litafunguka lenyewe. Hiyo "-enyewe" inafanya nusu ya kazi ya neno "otomatiki" bila kukopa chochote, ilimradi upatanisho uwe sahihi: mfumo wenyewe, mifumo yenyewe, ghala lenyewe, mashine zenyewe.

Mfano huohuo wa geti unatusaidia kutenga maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Karani akiiangalia namba ya kontena na kuiandika kwenye kompyuta badala ya leja, kazi imekuwa ya kidijitali, lakini bado ni yeye aliyeifanya. Inakuwa otomatiki pale ambapo kifaa kinasoma, kinalinganisha na kutekeleza bila kungoja mkono wa mtu. Hospitali iliyohamisha leja zake kwenye kompyuta haijaingia kwenye otomatiki, hata kama kompyuta ni mpya.

Hapo ndipo ninapokuomba ulitazame upya andiko lenu, kwa sababu kosa kubwa katika maandiko ya namna hii ni kulibandika neno "otomatiki" kwenye mnyororo mzima wakati linastahili kukaa kwenye pingili moja au mbili. Tazama huduma ya kupeleka damu kwa ndege nyuki (droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani) iliyoanza nchini Rwanda mwaka 2016, katika kituo cha Muhanga. Ndege hurushwa kwa mtambo unaofanya kazi kama manati, huruka yenyewe kufuata njia iliyopangiwa, huangusha kifurushi kinachoshuka kwa mwavuli, kisha hurudi kituoni ambako hunaswa kwa kamba. Ndege hiyo ni otomatiki bila shaka. Lakini daktari au mfamasia ndiye aliyeagiza, mtu ndiye aliyeifunga damu kwenye kifurushi, na mtu ndiye atakayekiokota uwanjani mwa hospitali. Anayeandika "usambazaji wa damu wa kiotomatiki" amewafuta watu hao wote kwa neno moja, ilhali anayeandika "usambazaji wa damu kwa ndege zinazoruka zenyewe" amesema kilichopo.

Wajapani waliliona jambo hili katika maandishi yao. Kampuni ya Toyota hutumia neno "jidoka" kwa mtambo unaojisimamisha kasoro inapotokea, wazo linalorudi nyuma hadi kwenye mitambo ya kufuma nguo ya Sakichi Toyoda, iliyosimama yenyewe uzi ulipokatika. Hutamkwa sawa na neno lao la kawaida la otomatiki, ila katika kuliandika wameongeza alama ya mtu ubavuni mwa herufi ya mwendo. Sisi hatuna herufi za kuchomekea mtu, kwa hiyo hatuna budi kumtaja.

Nitumie sentensi yako mwenyewe, ile uliyoniambatishia: "Stoo itakuwa na mfumo wa kujiagiza dawa zikipungua." Kwanza, kinachojiagiza kinaagiza nafsi yake, na mfumo wenu hauagizi mfumo mwingine. Pili, "zikipungua" haina kipimo, kwa sababu dawa hupungua kila mgonjwa anapohudumiwa. Tatu, haijulikani ni nani atakayeulizwa siku oda itakapokuja mara mbili. Ningeiandika hivi: "Akiba ya dawa ikishuka hadi kiwango kilichowekwa, mfumo utaandaa oda wenyewe, na mfamasia ataihakiki na kuiidhinisha kabla haijatumwa." Imekuwa ndefu, lakini mzabuni akiisoma atajua anatakiwa kutengeneza nini, na mkaguzi atajua saini ya nani aitafute.

Kuhusu kichwa, andikeni "Matumizi ya Teknolojia ya Otomatiki katika Usimamizi wa Mnyororo wa Ugavi wa Dawa". Mkuu wako atakuwa amepoteza neno moja tu. Mwenzako naye mwachie usambazaji katika sura inayohusu dawa kutoka stoo kwenda wodini, kwa kuwa pale ndipo mahali pake hasa.